Kitambaa Chenye Mafundo Matatu

"Ukikitia maji tu, dada, mimi nahama," mdogo wangu alisema, kakikumbatia kile kitambaa kifuani, na fremu yake na kioo chake, kama mtu aliyeokoa mtoto kwenye moto.

"Hama," nikamwambia. "Ila uhame nacho kikiwa kimefuliwa."

"Hakijafuliwa miaka kumi na minane, hakitafuliwa leo."

"Ndiyo maana kinanuka mpaka nje ya kioo."

"Hakinuki. Kina harufu. Wewe hujui tofauti."

Beseni la maji ya moto lilikuwa miguuni pangu, povu limeshapanda. Ilikuwa saa tano asubuhi, na saa sita mgeni wake anaingia. Mgeni huyo hakuwa mteja wa kuleta mashuka. Alikuwa mwanamke aliyemwandikia barua kwa miaka minne, na barua ya mwisho ilisema anakuja kumwona kwa macho yake, na kukiona kile kitambaa, halafu wazungumze habari ya kuoana. Mdogo wangu ana miaka sitini na mmoja na hajawahi kuoa. Sasa mnaona wenyewe mzigo uliokuwa mle chumbani. Na kilichokuwa ndani ya kile kitambaa, mtu pekee aliyekijua ni mimi.

Sisi ni madobi, mimi na yeye. Baba yetu alikuwa dobi, akatuachia nyumba hii ya vyumba vitatu na ua: cha mbele cha kupokelea nguo, cha katikati cha kupigia pasi, cha nyuma tunalala kwa kutenganishwa na pazia, na uani tunafua na kuanika. Nimefua nguo za watu miaka arobaini na mbili. Nimeshika shuka za wagonjwa, aproni za mchinja nyama, soksi za walinzi wanaosimama kutwa kwenye jua. Sijawahi kutapika. Nilitapika mara moja tu maishani, siku niliyomwona mdogo wangu akianza kitabu.

Maana huyu si dobi tu. Ameandika vitabu kumi na kimoja vya mapenzi. Mtaani wanamwita Povu, lakini kwenye jalada amejiita Mwana wa Machozi, na wanawake wanaosoma vitabu vyake wanadhani ni kijana mrefu mwenye huzuni machoni. Wangemwona alfajiri, kabla pasi hazijapata moto, wangerudisha vitabu dukani.

Alfajiri anakaa juu ya gunia la nguo chafu. Anatumbukiza mkono ndani yake bila kutazama, anavuta nguo moja, anaifungua kwapa, na anaingiza pua. Pua yote, mpaka mashavu. Anafumba macho. Mimi niko pale nawasha mkaa wa pasi ya baba, maana ya umeme siiamini, na namsikia anavuta pumzi kama anayenusa ua.

"Huyu ameachwa," anasema.

"Huyo hajaoga," namwambia.

"Ameachwa siku ya Jumatatu. Jasho la huzuni lina chumvi nyingi."

Halafu anachomoa penseli sikioni. Penseli ile ile anaitumia kujikuna ndani ya sikio, kisha anaitia mdomoni ailowanishe ncha, kisha anaandika. Anaandika kwenye yale makaratasi ya kaki tunayofungia nguo za wateja. Siku moja karani wa mahakama alikwenda na suruali yake imefungwa kwa sura ya tisa, mdogo wangu akamkimbilia barabara nzima na ndala moja mguuni, karani akadhani anadaiwa, naye akakimbia. Waliishia sokoni wote wawili wanahema, na sura ya tisa imelowa jasho la karani. Mdogo wangu akainusa, akasema sasa ndiyo imekamilika.

Akiwa na kitabu mkononi haogi. Anasema maji yanaosha maneno. Kitabu kifupi ni wiki tano. Kile kirefu, cha yule nahodha na mapacha, kilichukua miezi mitatu na nusu, na nzi wakawa wakifika mlangoni wanashauriana kwanza. Panya aliyekuwa anaishi nyuma ya kabati alihama, nilimwona mwenyewe, mbele anatembea yeye, nyuma watoto, na wa mwisho amebeba kipande cha mkate. Chai ya sura ya kwanza anaimalizia sura ya kumi. Kikombe kimeota manyoya ya kijani, yeye anayasukuma kwa kidole pembeni na kunywa kilicho chini.

Na kila kitabu kina nguo yake. Anaipigilia ukutani mbele ya macho yake, na mpaka neno la mwisho liandikwe, nguo hiyo haiguswi na maji. Mwenyewe akija kuidai anaambiwa bado inalowekwa. Soksi za mcheza mpira zilikaa ukutani wiki saba. Nilipozishusha zilisimama wima zenyewe. Kutokana na soksi hizo wasichana wa mji huu walisoma habari ya mwanamume aliyetembea nchi tatu kwa miguu kumtafuta mchumba wake, wakalia, wakaazimana kitabu mpaka kurasa zikakatika.

Sura ikiisha ananisomea. Mimi sikusoma, herufi nazijua za kwenye jina langu tu, kwa hiyo napiga pasi na kusikiliza. Siku za sura ya busu sihitaji kunyunyiza maji kwenye mashati, mate yake yanatosha. Ananitazama nikimaliza kola.

"Umeguswa?" ananiuliza.

"Nimelowa," namjibu.

Sikatai kwamba nimemchezea sana. Mdogo ni mdogo hata akiota mvi. Kuna mwaka nilichukua manyoya ya mbuzi, nikayatia kwenye mfuko wa koti la hakimu, nikamwacha ayapate. Akaandika sura tatu za mwanamke mwenye nywele ngumu za rangi ya kutu, asiyesikia la mtu, anayepanda juu ya kuta. Nikajifunika shuka la mteja nisionekane ninavyocheka. Sasa ndiyo mjue kwa nini lile la kitambaa lilianza kama mchezo, na kwa nini likanishinda.

Kwetu kila mteja ana alama yake. Tunashona uzi kwenye pindo la nguo: rangi na idadi ya mafundo. Mwalimu wa hesabu ni mwekundu fundo moja. Mwenye duka la viatu ni kijani mafundo mawili. Mke wa daktari ni mweusi mafundo manne, maana anapenda kuhesabiwa. Mdogo wangu anazo zote kichwani, mia na kitu, haandiki popote. Nguo zetu wenyewe hazina alama. Lakini miaka kumi na minane iliyopita, alikuwa ameshaanza kupotewa na akili kwa ajili ya vitabu, akawa anachanganya nguo. Gaguro langu lilikwenda kwa karani yule yule wa mahakama, na mke wake akalirudisha yeye mwenyewe, kwa ncha ya fimbo, na maswali. Basi mimi kimya kimya nikachukua uzi wa bluu, rangi ambayo hatukuwa na mteja nayo, nikashona mafundo matatu kwenye vitu vyangu vyote. Na kwenye vitambaa vyangu vya mkono pia.

Wakati huo nilikuwa navuta ugoro. Nimeacha siku hizi, msinihesabie. Na mwezi ule nilikuwa na mafua ambayo sijapata tena mfano wake. Pua zote mbili zilifanya kazi usiku na mchana bila kupokezana. Nimesimama uani, mikono imejaa maji, nimepiga chafya, nimejifuta, na kitambaa sina pa kukiweka. Mbele yangu limetundikwa koti jeusi la mpita njia mmoja, mtu aliyelileta mara moja akiwa safarini na asiyerudi tena kulichukua. Nikakitia kwenye mfuko wake nikaendelea kusuuza. Nikasahau.

Baada ya wiki mdogo wangu akaingia chumba cha pasi anatembea polepole, kitambaa kimelala kwenye viganja viwili.

"Dada," akasema kwa sauti ya msikitini. "Kuna mwanamke alilia ndani ya hiki."

Nikatazama. Kilikuwa kimekauka, kigumu kama samaki, na madoa ya kahawia yamejichora mpaka pembeni. Nilikifahamu mara moja.

"Machozi hayawi ya kahawia," nikasema.

"Yanakuwa, kama amepaka wanja." Akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. "Na tazama hapa. Mafundo matatu. Bluu. Hatuna mteja wa bluu. Hii si alama ya dobi, dada, hii ni ahadi. Fundo la kwanza nitakungoja. La pili nitakungoja. La tatu hata usiporudi."

Hapo ningesema. Mdomo ulikuwa tayari. Lakini nilikuwa nimeshabanwa na kicheko, machozi yananitoka, na yeye akaniona nikilia, akaniwekea mkono begani, akasema, "Najua, hata mimi." Nikajiambia nitamwambia jioni. Jioni alikuwa ameshaandika sura mbili.

Kitabu kile alikiita Mwanamke wa Koti Jeusi. Kilipochapwa, watu walipanga mstari kwenye duka la vitabu kama kuna sukari ya bure. Wasichana wakaanza kuwapa wachumba wao vitambaa vyenye mafundo matatu ya bluu. Bibi harusi mmoja alikishika mkononi siku ya ndoa, nikamwona anapita na gari, anakigusisha midomoni, na mimi nikatazama pembeni kwa sababu nilijua asili ya jambo. Mtu utasemaje hapo? Utasimama katikati ya barabara na kusema jamani hizo ni kamasi zangu? Nikanyamaza. Na kadiri miaka ilivyopita ndivyo aibu ilivyokuwa yangu kuliko yake.

Yeye akakitia kwenye fremu. Laiti angekiacha humo. Kila anapoanza kitabu anafungua kioo, anakitoa, anakinusa mara tatu, fundo kwa fundo, ndipo penseli inatembea. Vitabu tisa kafanya hivyo mbele ya macho yangu. Mara tisa nimetoka kwenda kusimama uani.

Halafu zikaja barua za huyu mwanamke. Ni muuguzi, amestaafu mwaka jana, miaka thelathini wodini. Mdogo wangu amenisomea barua zote. Anaandika vizuri, bila mapambo. Katika moja alisema mume wake wa zamani alimdanganya miaka tisa, na kwamba sasa anaweza kuvumilia kila kitu cha mwanamume, uzee, umaskini, hata kukoroma, ila uongo. Akauliza: "Hicho kitambaa kipo kweli, au ni hadithi?" Mdogo wangu akamjibu kwamba kipo, ni cha kweli, machozi ni ya kweli, na siku atakapokuja atamwekea mkononi.

Ndiyo maana asubuhi hiyo nilichemsha maji.

"Fungua kioo," nikamwambia tena. "Nikifue, nikinyooshe, umpe kikiwa cheupe. Utasema umekitunza."

"Ameandika anataka kukiona hivyo hivyo kilivyo."

"Huyo ni muuguzi."

"Najua ni muuguzi."

"Amefuta watu miaka thelathini. Amefuta juu, amefuta chini. Unadhani akikisogeza karibu ataona wanja?"

"Ataona machozi."

"Mdogo wangu," nikasema, na hapo nikakaa kwenye kibao cha kufulia. "Hicho kitambaa ni changu."

Akacheka kidogo. "Umeanza. Kama yale manyoya ya mbuzi."

Nikashtuka. "Manyoya uliyajua?"

"Yalikuwa na kupe, dada."

"Basi na hili lijue. Ni mafua yale, mwaka ule wa mvua nyingi. Ni kamasi zangu na ugoro wangu. Nilikitia kwenye lile koti kwa kukosa pa kukiweka."

Hakucheka tena, lakini hakuamini. Niliona. Alikaza mkono kwenye fremu na kusema taratibu kwamba nimemwonea wivu, kwamba naogopa atahama niachwe peke yangu na pasi. Pengine kuna ukweli humo, lakini si huo uliokuwa unanisumbua.

"Nitajie mteja wa bluu mafundo matatu," nikamwambia. "Wewe unawajua wote. Mtaje."

"Hayupo. Ndiyo maana nilijua ni—"

"Nenda kwenye sanduku langu. Chini kabisa kuna gaguro la zamani, lile lililokwenda kwa karani. Tazama pindo."

Akaenda. Nilisikia kifuniko cha sanduku kikigonga ukuta, nikasikia nguo zikitupwa sakafuni. Alikaa huko muda wa mtu kufua shati na kulikamua. Aliporudi, gaguro lilikuwa mkono mmoja na fremu mkono wa pili, na alikuwa ameshafungua kioo. Akaweka pindo kando ya kitambaa. Uzi ule ule, mkono ule ule. Fundo langu lina mkia upande wa kushoto, nimelifunga hivyo tangu utoto.

Nimeishi na mtu huyu nikamwona akinusa vitu ambavyo mbwa anavipita. Sijawahi kumwona akikunja uso. Siku hiyo ndiyo nilimwona. Uso ulianza kukunjika kwenye kidevu ukapanda juu kama karatasi inayoungua. Akakishika kitambaa kwa ncha za vidole viwili, akakipeleka mbali na mwili wake mpaka mkono ukaisha. Akageuka, akatema mate kwenye ndoo ya maji machafu. Akatema tena.

"Kila kitabu," akasema.

"Nilikuwa nakuona."

"Mara tatu. Fundo kwa fundo."

"Nilikuwa natoka nje."

"Ukinyamaza."

"Nikinyamaza. Nisamehe."

"Nilikibusu, dada."

"Hilo sikuliona," nikasema, "na nashukuru."

Akakaa juu ya gunia lake. Kwa mara ya kwanza alinyanyuka mara moja, akalitazama lile gunia kama ameona mtu kalala ndani, akahamia kwenye stuli. Akajinusa mkono. Alikuwa katikati ya kitabu, wiki ya tatu, na nafikiri hapo ndipo harufu yake mwenyewe ilipomfikia, maana alifumba mdomo kwa nguvu na macho yakalowa.

"Sasa nimwambie nini?" akauliza.

"Mwambie kweli."

"Kwamba nilimwita hapa kwa kamasi za dada yangu."

"Basi kitumbukize kwenye beseni, mpe kingine. Ninavyo sita sandukuni, vyote vina mafundo, vyote safi. Hatajua."

"Siku moja atajua mimi ni mwongo. Hata asipojua, mimi nitajua." Akakitazama kile kitambaa kinavyoning'inia kwenye vidole vyake juu ya povu. "Alisema uongo tu ndio hawezi. Miaka minne ameniamini, dada. Hakuna aliyewahi kuniamini miaka minne."

"Kwa hiyo sema. Uone atafanyaje."

"Akiondoka?"

"Ataondoka akijua. Na wewe utaoga."

Akafikiri. Niliona vidole vikilegea, kitambaa kikashuka kidogo kuelekea majini, kikasimama, kikapanda tena. Akavuta pumzi kwa mdomo, si kwa pua, akasema, "Sawa. Nitamwambia. Akishakaa, akishakunywa chai, nita—"

"Hodi," sauti ikasema mlangoni, na mwenye sauti akawa ameshaingia, maana mlango wa dobi mchana haufungwi.

Alikuwa mwanamke mfupi, mzito, wa viatu vyeupe vya hospitali visivyo na kisigino, mkoba mkubwa begani. Mkononi alikuwa na kitambaa kipya, kimepigwa pasi vizuri kuliko hata ninavyopiga mimi, na kwenye pindo lake mafundo matatu ya bluu. Alitutazama: mimi kwenye kibao, beseni linafuka mvuke, gaguro sakafuni, na mdogo wangu amesimama na mkono umenyooka.

"Shikamoo, dada," akaniambia. Kisha kwake, kwa sauti ya chini, "Mimi ndiye wa barua. Nimewahi, nisameheni. Sikuweza kukaa."

"Karibu," mdogo wangu akasema. "Karibu kiti. Kuna jambo, kabla ya—"

"Ndicho hicho?"

Hakungoja jibu. Alivuka beseni kwa hatua moja, akakitoa kwenye vidole vyake bila kukunja uso hata kidogo, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, mbele na nyuma, kama watu wa hospitali wanavyogeuza vitu. Akakisugua doa kwa kidole gumba.

"Mama, subiri," mdogo wangu akasema. "Nina neno."

"Subiri wewe," yule muuguzi akasema. "Mimi nimesubiri miaka minne."

Akakipeleka puani.